Siku ya Mzee Huang Ndani ya Ghala

Mdogo wangu A-Tsung alikagua minyororo ya baiskeli kiwandani kwa miaka kumi na tisa, na nadhani kazi ile ilimharibu. Humkaribishi chai asigeuze kwanza kikombe kutazama kitako chake. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walitafuta viwanda vingine. Yeye akarudi mjini kwetu Lukang, akaweka meza nyuma ya duka langu la udi na karatasi za kuwachomea marehemu, akanunua kompyuta na kuanza kujifundisha kuandika programu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, hana mke wala mtoto, nami nilidhani anatafuta njia ya kupitisha siku. Sasa ana hamsini na saba na bado amenipa mgongo palepale, anajikimu kwa kutengeneza tovuti za maduka ya keki na nyumba za wageni.

Hiyo ni kazi inayomlisha. Kazi anayoipenda haimlipi hata senti, na ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu ilikaribia kumhamisha bibi wa watu kutoka nyumbani kwake, na mkono wangu mimi ulikuwemo.

Watu wanaotengeneza tovuti hawaandiki kila kitu upya. Mtu mmoja akishaandika kipande cha msimbo kinachofanya jambo fulani vizuri, tuseme kupanga picha au kuhesabu tarehe, wengine hukichukua wakakitumia. Kipande hicho wanakiita maktaba, ijapokuwa sijaona kitabu humo. Maktaba hizo zimewekwa mahali pamoja kwenye intaneti, wenyewe wanapaita Ghala, na tovuti za dunia nzima zinachota humo bure. Ghala halina mwenyewe. Anayetaka analeta alichonacho, na watu wachache wa kujitolea wanakagua kabla hakijaingia. A-Tsung alikuwa mmoja wa wakaguzi hao. Mwenzake wa karibu ni Baek, Mkorea wa Daegu, ambaye hajawahi kumwona kwa macho, lakini kila mwaka mpya humtumia keki nyembamba ziitwazo ulimi wa ng'ombe, naye Baek hututumia mwani wa kukaanga usiokwisha.

Ghala lina sharti moja ambalo ndugu yangu alilishika kuliko anavyoshika dini: kitu kikishaingia, hakiguswi. Ukigundua umekosea, unaleta toleo jipya lenye namba mpya. Lile la zamani linabaki palepale na kosa lake, na jina lako juu yake. Kuna kijana mmoja wa Osaka aliwahi kumbembeleza wiki nzima. Alikuwa amekosea herufi moja tu katika faili lake, anaona aibu, anaomba libadilishwe kimyakimya. A-Tsung alimjibu kwa maneno matatu: leta toleo jipya.

"Ungemsaidia bwana," nilimwambia. "Herufi moja tu, roho mbaya ya nini?"

"Dada, watu wameshachota. Ukibadilisha nyuma ya migongo yao, umembadilishia mtu dawa ndani ya chupa ileile."

"Hata kama ya kwanza ilikuwa mbaya?"

"Hata kama."

Nilimwona ana kichwa kigumu, nikaendelea kufunga udi wangu.

Miaka sita iliyopita alipeleka Ghalani maktaba yake mwenyewe, ya kwanza na ya pekee. Unaipa tarehe ya kalenda ya serikali, yenyewe inakupa tarehe ya mwezi mwandamo. Zilikuwepo nyingine za aina hiyo, lakini A-Tsung alizidharau. Alisema zote zimenakiliana, mmoja alikosea na mia wakamfuata. Yeye alitaka kuanzia kwenye chanzo, yaani kwenye almanaka za marehemu baba, ambaye aliziuza dukani humu kila mwisho wa mwaka na kujiwekea moja tangu alipooa. Ziko ghorofani, zimefungwa kamba kumi kumi, zinanuka kafuri.

Kwa wiki tatu nilimsomea. Mwezi wa siku thelathini tunauita mkubwa, wa ishirini na tisa mdogo, na hakuna njia rahisi ya kukisia upi utakuwa upi, ni mpaka uangalie. Basi mimi niko kaunta na almanaka mapajani, nasoma, "Mkubwa, mdogo, mkubwa, mkubwa, mdogo," na yeye kule nyuma anachapa. Mteja akiingia naacha, nahudumia, nacheka naye kidogo, narudi. "Tuliishia wapi?" "Wa nane." "Haya." Nilijiona mtu wa maana sana. Baek aliikagua akaipitisha, na siku hiyo A-Tsung aliniletea bakuli la supu ya maandazi ya nyama kutoka sokoni, jambo ambalo kwake ni sherehe kamili.

Maktaba ile ilipendwa. Tovuti mia mbili na kitu zilianza kuchota kwake, mojawapo ya hekalu la mtaani kwetu. Miaka miwili iliyopita hekalu lilikarabati ukumbi wa vibao vya majina ya marehemu, na katibu akaona aweke mambo sawa: akakusanya vyeti vya vifo vyenye tarehe za serikali, akavijaza kwenye tovuti, nayo ikawa inatuma ujumbe kwenye simu za watoto. Kesho kutwa ni siku ya kumtambikia baba yenu. Watoto walifurahi. Wengi wanaishi mijini, Taichung na Taipei, na siku hizi za mwezi mwandamo walikuwa wakimwachia mama.

Sasa nimlete Bi Pao-chu. Jina lake kamili ni Hsu Pao-chu, ana miaka themanini na mitatu, anakaa uchochoro wa nyuma ya soko peke yake. Mumewe, mzee Huang, alikuwa fundi wa kuchonga milango ya mbao, akafa mwezi wa tisa wa mwaka tunaouita wa sungura, miaka hamsini iliyopita, akamwachia watoto watatu. Tangu hapo kila siku yake ikifika, Bi Pao-chu hununua karatasi na udi kwetu, kwanza kwa baba, sasa kwangu.

Mwaka jana, tarehe nane ya mwezi wa tisa wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, upepo unavuruga kila kitu mlangoni, aliingia na mwanawe wa kwanza, Kuo-liang, mtu wa miaka hamsini na tisa mwenye duka la vifaa vya bafuni Taichung.

"Hui, nifungie karatasi za dhahabu mafungu mawili," aliniambia, "na ule udi usiokohoza watu."

"Za tarehe kumi na moja hizo, shangazi?" niliuliza, kwa sababu nilikuwa nimeona ubao wa hekalu.

"Kumi na mbili. Na wewe umeanza?"

Kuo-liang alivuta pumzi. "Mama, tumeshaliongea hili."

"Mmeliongea nyinyi. Mimi nilikuwa napika."

"Ndiyo hivyo, alikuwa anapika," Kuo-liang alinigeukia mimi, kana kwamba mama yake hayupo. "Mwaka jana tukamfanyia baba kumi na moja, vizuri, tumekula, tumeondoka. Kesho yake jirani anapiga simu, mama amepika upya meza nzima, anachoma karatasi upya. Amesahau kwamba tumeshafanya."

"Sikusahau. Nyinyi mlikosea siku, nami nikarekebisha."

"Hekalu limehesabu kwa kompyuta, mama. Kutoka kwenye cheti cha kifo."

"Kompyuta ilimjua baba yako?" alisema Bi Pao-chu. "Tarehe kumi na moja nilirusha vile vibao viwili vya kuulizia marehemu, kumuuliza kama ameshiba, akakataa mara saba. Mara saba, Hui. Kumi na mbili nikarusha mara moja tu, akakubali."

"Vibao ni vibao," alisema Kuo-liang kwa upole wa mtu aliyechoka. Akaniambia yaliyobaki kwa sauti ya chini, ambayo mama yake aliisikia vizuri. Mwezi wa pili aliacha gesi inawaka. Mwezi uliopita walimpeleka kwa daktari, daktari akamuuliza leo tarehe ngapi, akajibu tarehe tatu mwezi wa nane, na ilikuwa Septemba karibu inaisha. Daktari akaweka alama ya kosa.

"Ilikuwa tatu mwezi wa nane," alisema Bi Pao-chu. "Aliniuliza tarehe, hakuniuliza tarehe ya kalenda gani."

"Kuna nyumba ya wazee Taichung, karibu na kwangu," alisema Kuo-liang. "Pasafi, wanaangaliwa vizuri. Chumba kitakuwa wazi mwisho wa mwezi huu. Tukishamaliza siku ya baba tutamhamisha."

Bi Pao-chu hakubishana tena. Alikuwa anahesabu vijiti vya udi ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Mwanawe alipotoka kuwasha pikipiki, aliniuliza, "Hui, nikienda huko, mzee nani atamkaangia kamba wa matope? Taichung hakuna hata matope." Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

A-Tsung alikuwa amesikia yote, mgongo wake pale pale.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

"Hiyo ya hekalu si ile yako?"

"Ni yangu. Ndiyo maana najua haijakosea. Dada, bibi ana miaka themanini na mitatu. Mashine haisahau."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sitakataa. Lakini siku ile hasira zilikuwa na sababu. Mwanamke amekaa na tarehe moja kifuani kwa miaka hamsini, amelea watoto watatu, kila mwaka anawaita wanakuja, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni tarehe ngapi. Leo simu imewaambia, basi mama ndiye kichaa.

"Mashine ulijaza wewe," nilisema. "Nami nilikuwa nakusomea huku nauza udi. Nyanyuka hapo."

Hakunyanyuka, nikapanda mwenyewe. Almanaka ya mwaka wa sungura ilikuwa chini kabisa ya fungu lake. Niliiweka juu ya vibonyezo vyake ili asiweze kuendelea na lolote, nikaweka kidole. Mwezi wa nane, mdogo. Mwezi wa tisa, mkubwa.

Alifungua jedwali lake. Alitazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kwake ilikuwa imeandikwa wa nane mkubwa, wa tisa mdogo. Tuliipindua. Kwa hiyo mwezi wa nane ulipewa siku moja ya ziada ambayo haukuwa nayo, na mwezi wa tisa wote ukachelewa siku moja, kumi na mbili ikaitwa kumi na moja. Mwezi wa kumi ulipoanza, hesabu ilikuwa imerudi sawa, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Mwezi mmoja wa mwaka mmoja.

"Nilisoma vibaya," nilisema.

"Au nilichapa vibaya."

Hatutajua kamwe. Labda ndipo mteja alipoingia. Tuliishia wapi, wa nane, haya. Tulikaa pale wawili na almanaka ya baba katikati, na nilihisi aibu ambayo sikuwa nimeihisi tangu nikiwa msichana.

"Wangapi walikufa mwezi ule?" aliuliza A-Tsung. Hakuwa ananiuliza mimi.

Kitu cha kufanya alikijua kuliko mtu yeyote. Leta toleo jipya, tangaza kosa, waandikie wote wanaotumia. Lakini tovuti isingelichukua toleo jipya yenyewe. Lazima mtu wa hekalu aende akabadilishe namba, na aliyewatengenezea huja mara moja kwa mwezi akiwa na nafasi. Siku ya mzee Huang ilikuwa imebaki siku nne. Tena kulikuwa na jina. Miaka yote hii amewakatalia watu, kijana wa Osaka na wengine, na sasa kosa lake yeye litakaa Ghalani milele, la aibu kuliko herufi moja.

Funguo za Ghala alikuwa nazo. Kesho yake, tarehe tisa, mchana mimi nikiwa na wateja, aliingia, akatoa lile faili la zamani, akaweka lililosahihishwa, kwa namba ileile, kimyakimya. Baadaye aliniambia alijisemea anafanya kwa ajili ya bibi. Nusu ilikuwa kweli.

Asubuhi ya tarehe kumi katibu wa hekalu alikuja mbio dukani na kandambili zake. Ukurasa wa tarehe umekuwa mweupe. Hautoi siku ya mtu yeyote, wala wa mwaka wa sungura wala wa mwaka mwingine. Wakati anaeleza, kompyuta ya A-Tsung ililia, ikalia tena. Nyumba ya mazishi Penang. Chama cha ukoo Melaka. Mtu wa kalenda Tainan. Wote kurasa nyeupe.

Nilikuja kuelewa baadaye, aliponieleza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Tovuti makini, zinapochota kitu Ghalani, huandika alama ya kidole ya faili lile. Hata nukta moja ikibadilika, alama inakuwa nyingine, na ukurasa unalikataa faili zima. Wameweka hivyo ili mwizi asije akaingia Ghalani akabadilisha kitu watu wakala sumu. Na ukurasa hauna namna ya kujua kama aliyebadilisha ni mwizi au ni mwenye mali anayerekebisha kosa lake. Hilo A-Tsung alilijua. Amewaeleza wengine mara mia. Aibu ilimpofusha, basi.

Kisha ikaja barua ya Baek. Nilimsimamia begani akinitafsiria.

"Kaka, kuna mtu ameingia akabadilisha faili lako la mwezi. Sijui amepitaje. Nafunga milango yote sasa hivi, usiguse kitu. Uko salama?"

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, kama utotoni baba alipokuwa anauliza nani kavunja.

"Mwambie," nilisema.

Akaandika: "Ni mimi." Akaongeza mwaka, mwezi, kosa, na bibi.

Majibu yalichelewa. Nilihudumia wateja watatu. Baek alipojibu, hakumtukana wala kumpoza. Alisema amerudisha faili la zamani kwa mkono wake, na toleo jipya alilete kwa njia ya kawaida, atalikagua kama la mtu mwingine yeyote. A-Tsung akamwomba achukue na funguo zake. Baek aliuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Ikawa ndiyo hivyo, miaka kumi ya ukaguzi ikaisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka langu, saa nne na nusu asubuhi, nami nikampa chai. Hakugeuza kikombe.

Saa nane mchana aliifunga almanaka kwenye kitambaa cha baba, tukaenda kwa Bi Pao-chu. Wanawe wote watatu walikuwa wamefika, maana kesho yake ni kumi na moja yao. Sebuleni kulikuwa na kuku kwenye beseni, na masanduku mawili tayari yamefungwa kando ya mlango. Bi Pao-chu amekaa chini ya picha ya mumewe anachambua maharage, hamwangalii mtu.

"Kaka Kuo-liang," alisema A-Tsung, amesimama katikati ya chumba, hata kiti hakukubali. "Siku ya mzee ni kumi na mbili. Mama yenu alikuwa sahihi tangu mwanzo."

Akafungua almanaka mezani, akaweka karatasi ya jedwali lake pembeni, akawaonyesha kwa kidole. Mdogo, mkubwa. Mkubwa, mdogo. Alieleza polepole, hakuruka kitu, hata habari ya kubadilisha faili kwa siri aliisema, ambayo hakuna aliyemuuliza.

Kuo-liang aliinama juu ya meza. "Lakini hekalu walisema ni kompyuta."

"Kompyuta ni mimi," alisema A-Tsung.

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilimsomea."

Binti wa Bi Pao-chu, mtoto wake wa mwisho, alianza kulia bila sauti. Nilimtazama Bi Pao-chu, nikitegemea afurahi, atambe kidogo. Mimi ningetamba mpaka Ijumaa. Yeye aliendelea kushika ganda moja la maharage, analizungusha.

"Nilikuwa nimeanza kuamini," alisema. "Usiku nilikuwa nikijiuliza, labda kweli. Labda nimemchanganya na siku nyingine. Nikasema, kama siku ile imenitoka, basi kweli sina kitu tena, wanipeleke tu."

Kuo-liang alikwenda akachuchumaa mbele yake, mtu mzima na kitambi chake, akamchukua lile ganda mkononi. Mama yake akampa bakuli la maharage amsaidie kuchambua.

Sitaki nidanganye kwamba yote yalinyooka siku ile. Gesi kweli aliisahau, na themanini na mitatu ni themanini na mitatu. Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho Kuo-liang alipiga simu Taichung akasema chumba wampe mwingine, akamnunulia mama jiko linalojizima lenyewe, na binti akahamia kukaa naye siku nne kwa wiki. Yale masanduku mawili aliyafungua Bi Pao-chu mwenyewe, hakutaka msaada.

Tarehe kumi na mbili walitualika. Kuku, nguruwe wa kuchemsha, tambi, na sahani ya kamba wa matope waliokaangwa mpaka wakawa wekundu. Udi ulipofika nusu, Bi Pao-chu alichukua vile vibao viwili vya umbo la nusu mwezi, akamuuliza mumewe kama ameshiba, akarusha. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali, ndiyo kusema amekubali. Mara ya kwanza. Hakumtazama mtu, lakini niliona anavyonyanyua kidevu.

Tulipokaa kula, A-Tsung alitoa kompyuta yake kwenye mfuko. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, hakujali. Baek alikuwa amelipitisha toleo jipya asubuhi ile.

"Shangazi, kila maktaba ya Ghalani ina orodha ya waliochangia," alisema. "Hii yangu ilikuwa na jina moja. Sasa la kwanza ni langu, la pili la dada, la tatu hili."

Bi Pao-chu hasomi vizuri maandishi madogo, lakini jina lake alilijua. "Nimechangia nini mimi? Hata kuiwasha siwezi."

"Umegundua kosa. Watu mia mbili hawakuliona. Na kuna kitu kingine. Kila maktaba ina maswali ambayo mtu akitaka kuiletea toleo jipya, popote alipo duniani, mashine inaulizwa kwanza. Isipojibu sawa, kazi yake haipiti. Nimeongeza swali moja. Inaulizwa mzee Huang alifariki tarehe ngapi. Isiposema mwezi wa tisa, kumi na mbili, mlango haufunguki."

Bi Pao-chu akauliza, "Hata mimi nikishakufa?"

"Hata wewe, shangazi. Hata mimi."

"Na ile ya kumi na moja mmeifuta?"

"Ipo," alisema A-Tsung. "Kule hakifutwi kitu. Ipo na jina langu juu yake. Nimeandika tu pembeni kwamba ina kosa."

Bi Pao-chu alimsukumia sahani ya kamba. Ile sahani huwa hamsogezei mtu, ni ya mzee. Kisha akageuka kwa mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa na simu yake mezani karibu na kikombe.

"Wewe Kuo-liang. Hiyo mashine inaulizwa kila siku. Na wewe nikuulize. Baba yako alifariki tarehe ngapi?"

Mkono wa Kuo-liang ulikwenda kwenye simu, kisha akaurudisha pajani.

"Kumi na mbili, mama," alisema. "Mwezi wa tisa."